Kundi Likikatika Vipande Viwili

Juu ya meza yangu kuna kompyuta mbili ndogo, kila moja inaenea kwenye kiganja, zimeunganishwa kwa waya mmoja wa mtandao. Moja nimeipa jina Mombasa, nyingine Bukoba. Kila moja ni seva inayojitegemea, ina watumiaji wake wachache wa kubuni, na watumiaji hao wote wamo katika kundi moja la kuweka na kukopa. Mwenyekiti, Bi Asha, kasajiliwa Mombasa. Mhazini, Mzee Rwegasira, kasajiliwa Bukoba. Wakiwa katikati ya kuandikiana, nikachomoa waya.

Upande wa Mombasa, Bi Asha akamvua mhazini usimamizi wa kundi. Upande wa Bukoba, Mzee Rwegasira, ambaye habari hiyo haijamfikia wala haiwezi kumfikia, akamtoa kundini mwanachama aitwaye Juma kwa kuchelewesha marejesho. Kwa nusu saa nzima palikuwa na makundi mawili yenye jina moja. Katika la kwanza mhazini si msimamizi tena na Juma yumo. Katika la pili mhazini bado ni msimamizi na Juma hayumo. Kisha nikarudisha waya, nikakaa kuitazama skrini.

Juma yumo au hayumo?

Kwenye WhatsApp swali hili halizuki. Seva zote ni za kampuni moja, daftari la kundi ni moja, na amri iliyofika kwanza daftarini ndiyo amri. Mtandao wako ukikatika, simu yako husubiri tu, haina kauli. Hiyo ndiyo raha ya mfumo wenye kitovu kimoja. Gharama yake tuliiona jioni ya 4 Oktoba 2021. Yapata saa kumi na mbili na dakika arobaini kwa saa za Afrika Mashariki, WhatsApp, Facebook na Instagram zilizimika dunia nzima. Katika kazi ya kawaida ya matengenezo ilitolewa amri iliyokata uti wa mgongo wa mtandao wa ndani wa kampuni hiyo. Seva zake za majina, zilipoona haziwasiliani na vituo vikuu, zikaacha kutangaza njia za kuzifikia, na intaneti yote ikawa haijui tena Facebook iko wapi. Zana ambazo mafundi wangezitumia kurekebisha mambo nazo zilitegemea mtandao uleule uliokatika. Ilichukua karibu saa sita kurejesha huduma. Miaka minne baadaye, 20 Oktoba 2025, ilikuwa zamu ya Signal, programu inayosifiwa kwa usiri wake. Ilianguka kwa sababu hitilafu ilitokea katika vituo vya Amazon huko Virginia, Marekani, na Signal hukodi mitambo ya Amazon.

Huku kwetu waya hukatika kwa namna zake. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na Tanzania, Kenya, Uganda, Msumbiji na nchi za jirani zikabaki zikikokota intaneti kama gari lenye tairi bovu. Mara nyingine waya haukatiki wenyewe. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilizimiwa intaneti kwa takriban wiki tatu kuanzia 31 Desemba 2018. Uganda ilizimiwa Januari 2021. Tanzania ilizimiwa kwa siku kadhaa kuanzia siku ya uchaguzi, 29 Oktoba 2025.

Tukio la mikongo ya Mei 2024 ndilo lililonikaa moyoni kuliko mengine. Nyaya za ndani ya nchi zilikuwa nzima. Kati ya Dar es Salaam na Mwanza hapakuwa na kilichovunjika. Hata hivyo watu wawili wa mtaa mmoja pale Mwanza waliona ujumbe wao ukizungushwa na alama ya saa, kwa kuwa daftari la mazungumzo yao halikai Mwanza wala Dar es Salaam, na njia ya kulifikia inapita chini ya bahari iliyo mbali nao sana.

Ndiyo maana wapo wahandisi ambao kwa zaidi ya miaka thelathini wamekuwa wakitafuta namna ya kuchati bila kitovu kimoja. Wanachounda huitwa itifaki: kanuni zilizoandikwa hadharani, ambazo programu yoyote ikizifuata inaweza kuongea na programu nyingine yoyote. Barua pepe huendeshwa hivyo. Chuo kina seva yake, kampuni ina yake, na barua hufika. Lakini barua pepe haina haraka, wala haina kundi la watu mia mbili wanaojibizana kwa sekunde. Hapo ndipo ugumu unapoanzia, na ugumu wenyewe unahusu wakati.

Tuseme kwenye kundi la ukoo mtu anaandika, "Zuhura kajifungua salama." Mwingine, kutoka mji mwingine, anaandika, "Babu kalazwa tena." Wa tatu aliyeisoma ile ya kwanza tu anajibu, "Alhamdulillahi!" Ikiwa jumbe hizi tatu zinapita njia tofauti, kuna simu ambayo itaionyesha Alhamdulillahi chini kabisa ya habari za babu. Huwezi kujitetea kwamba utapanga kwa saa iliyoandikwa kwenye ujumbe, maana saa za simu hazilingani. Kuna simu iliyoishiwa betri ikarudi na tarehe ya kale, na kuna seva ambayo mwenye nayo anaweza kuandika saa yoyote anayoitaka.

Mwaka 1978 Leslie Lamport, mwanasayansi wa kompyuta wa Marekani, alichapisha makala fupi iliyobadilisha fikra kuhusu jambo hili. Alisema mashine zilizo mbalimbali hazihitaji kujua ni saa ngapi. Zinahitaji kujua kipi kilitokea kabla ya kipi, na hata hilo si kwa kila kitu. Kama niliusoma ujumbe wako kabla ya kuandika wangu, wako umetangulia, hakuna ubishi. Kama sikuusoma, nawe hukuusoma wangu, basi hakuna uliotangulia. Jumbe hizo mbili hazina mpangilio, na hakuna saa ya ukutani inayoweza kuutengeneza mpangilio usiokuwapo. "Alhamdulillahi" inaifuata habari ya Zuhura kwa sababu mwandishi aliiona. Habari za babu haina uhusiano nazo.

Mwaka 2000 Eric Brewer aliongeza dai gumu zaidi, na Seth Gilbert na Nancy Lynch wakalithibitisha kihesabu mwaka 2002. Mtandao ukikatika vipande, mfumo hauwezi kuendelea kumhudumia kila mtu na wakati huohuo kuhakikisha wote wanaona jambo moja. Lazima kimojawapo kiachwe. Hakuna ujanja, hakuna fedha, hakuna kampuni, iwe kubwa kiasi gani, inayoweza kulikwepa hilo. Kwa hiyo ukitaka kulinganisha itifaki za kuchati, usianze na stika wala rangi za programu. Uliza kila moja: waya ukikatika, wewe unaacha kipi?

Wa kwanza kuulizwa ni IRC. Iliandikwa Agosti 1988 na Jarkko Oikarinen katika Chuo Kikuu cha Oulu, Finland. Seva zake huunganishwa kama mti: tawi linashika tawi, na kati ya seva mbili zozote njia ni moja tu. Kwa kuwa njia ni moja, ujumbe hauzunguki wala haujirudii, na kanuni zake ni nyepesi kiasi kwamba mwanafunzi mwerevu anaweza kuandika programu yake kwa wikiendi moja. Tawi likivunjika, mti huwa miti miwili. Waliotumia IRC miaka ya tisini wanaikumbuka skrini ile: ghafla mistari kumi, ishirini, mia, kila mmoja ukisema fulani ameondoka, sababu ikiwa ni majina ya seva mbili yaliyoandikwa pamoja. Dakika chache baadaye wote hao wanaingia tena kwa mkupuo. Waliondoka wapi? Hakuna aliyesogea. Kilichokatika ni waya, labda kati ya Ulaya na Marekani.

Sasa lipeleke kundi la Bi Asha huko. IRC haihifadhi chochote. Kundi lipo maadamu kuna watu ndani yake, na anayeingia kwenye kundi tupu hupewa usimamizi. Wahuni waligundua hilo mapema. Walisubiri tawi livunjike, wakaingia upande ambao kundi limebaki tupu, wakapewa usimamizi, na matawi yalipoungana wakawa wasimamizi wa kundi zima na kuwafukuza wenyewe. Ilizuka mizozo mikubwa kuhusu dawa yake. Wapo waliotaka kila kundi liwe na tarehe ya kuzaliwa, na lililo la zamani zaidi lishinde. Wengine walitaka jina lifungwe kwa muda baada ya mpasuko. Mabishano hayo, pamoja na mengine ya uendeshaji, yaliugawa mtandao mkuu wa IRC mwaka 1996 katika EFnet na IRCnet, na haijaungana hadi leo. Kanuni ya nani ashinde waya ukirudi iliwashinda hata walioiandika.

XMPP ilichagua amani. Ilianzishwa na Jeremie Miller, ikatangazwa Januari 1999 kwa jina la Jabber, na mwaka 2004 ikaandikwa rasmi kuwa kiwango cha intaneti. Anwani yake inafanana na ya barua pepe: jina, alama ya @, kisha kikoa cha seva. Ukimwandikia mtu wa seva nyingine, seva yako inaipigia hodi ya kwake moja kwa moja. Hakuna mti. Na kundi? Kundi lina nyumba moja. Likifunguliwa Mombasa, linakaa Mombasa. Seva ya Mombasa ndiyo inayopanga nani kasema kwanza, nani msimamizi, nani katolewa. Waya ukikatika, Mzee Rwegasira kule Bukoba haoni kitu na hawezi kumfukuza mtu. Mzozo hauzaliwi kwa sababu upande mmoja umenyimwa sauti. Waya ukirudi, simu yake inaomba ipewe yaliyopita kutoka kwenye kumbukumbu ya seva, kisha maisha yanaendelea. Lakini seva ya Mombasa ikiungua, kundi limeungua nayo.

Watu huiona XMPP kama kitu cha makumbusho. Si kweli. WhatsApp yenyewe ilianza kwa programu huria iitwayo ejabberd, ambayo ni seva ya XMPP, kisha ikaibadilisha na kuibana mpaka ikawa kitu chake. Mabilioni ya ujumbe wa leo yanapita juu ya kizazi cha itifaki iliyobuniwa ili mtu yeyote awe na seva yake. Walichokiondoa ni mlango wa kutokea.

Google nao walikuwa na mlango huo, wakaufunga. Google Talk ilianza mwaka 2005, na Januari 2006 ikaruhusu watumiaji wake kuongea na seva yoyote ya XMPP duniani. Ilikuwa furaha kubwa kwa wenye seva ndogo. Mei 2013 Google ikaleta Hangouts isiyojali seva za nje, na watu wa seva ndogo wakaanza kuona marafiki zao wakitoweka mmoja mmoja, kimyakimya, bila kuaga. Hapo palikuwa na funzo ambalo hesabu za Lamport hazilifundishi: mkazi mmoja akiwa mkubwa kuliko mtaa wote, siku akijenga ukuta, mtaa ndio unaobaki nje.

Turudi mezani kwangu, kwa kuwa kompyuta zile mbili hazikuwa na XMPP wala IRC. Zilikuwa na Matrix, iliyoanzishwa mwaka 2014 na kikosi kilichoongozwa na Matthew Hodgson na Amandine Le Pape, na toleo lake la 1.0 likatoka Juni 2019. Matrix ilikataa wazo la nyumba moja ya kundi. Kila seva yenye mwanachama ina nakala yake, na hakuna nakala iliyo mama. Mombasa ikiungua, Bukoba inaendelea.

Inavyofanya kazi inapendeza. Kila tukio, liwe ujumbe au kumwingiza mtu au kubadilisha jina la kundi, hupigwa hesabu inayotoa alama yake ya pekee, kama alama ya kidole. Kila tukio jipya hutaja alama za matukio ambayo seva ilikuwa imeyaona mwisho. Hilo ndilo wazo la Lamport likiwa limefumwa ndani ya uzi: "Alhamdulillahi" imebeba ndani yake alama ya habari ya Zuhura. Waya unapokatika, uzi hugawanyika nyuzi mbili, kila upande ukiendelea kusuka wake. Waya ukirudi, pande mbili hupeana vipande vilivyokosekana, na tukio linalofuata hutaja ncha zote mbili, nyuzi zikafungwa tena kuwa moja. Ujumbe wa kawaida haupotei.

Yanayobaki ni yale yasiyoweza kuwa kweli yote mawili. Kwa hayo Matrix ina kanuni ya usuluhishi, na nitaieleza kwa kesi ya Juma. Seva inakusanya matukio ya madaraka yanayopingana. Inayapanga kwa kutangulia, lile lililoonekana na jingine likiwa mbele. Kama hakuna lililoliona lingine, la mwenye cheo kikubwa linakaa mbele. Vyeo vikilingana, inaangaliwa saa iliyoandikwa na seva. Na saa zikilingana, inaangaliwa alama ya tukio kwa mpangilio wa herufi, kama kupiga shilingi ambayo kila mtu anaiona imeangukia upande uleule. Kisha inapita moja baada ya jingine na kuuliza: kwa yaliyokwisha kukubaliwa, huyu alikuwa na madaraka ya kufanya hivi?

Bi Asha ana cheo cha 100, mhazini 50. Amri ya Bi Asha inakaa mbele, inakubaliwa, mhazini si msimamizi tena. Inafuata amri ya kumtoa Juma. Aliyeitoa ana madaraka? Hana. Amri inatupwa.

Haikuwa papo hapo. Seva iliyoshindwa kumpata mwenzake hujipa muda kabla ya kujaribu tena, nami niliongojea huo muda kama mtu anayengojea matokeo ya mtihani. Kisha kwenye skrini ya Bukoba jina la Juma likarudi katika orodha, na kwenye menyu ya Mzee Rwegasira kitufe cha kumwondoa mtu kikatoweka. Mombasa haikuonyesha badiliko lolote, kwani tangu mwanzo ilikuwa hapo. Seva mbili hazikupiga kura. Hazikumuuliza mzee wa tatu. Kila moja ilikokotoa peke yake na zikafika jibu moja. Nimeandika kuhusu kompyuta kwa miaka mingi na bado jambo hilo linanisisimua.

Mtu anaweza kusema mhazini kaonewa. Alitenda kwa nia njema, akiwa na madaraka kwa kadiri alivyojua. Ni kweli. Lakini igeuze kanuni uone: msimamizi yeyote aliyevuliwa madaraka angeweza kuleta wiki ijayo amri mia moja na kudai alizitoa kabla hajavuliwa, wakati mtandao umekatika, na hakuna saa ya kuaminika ya kumkanusha. Waandishi wa kanuni walichagua kumwonea mkweli mmoja kuliko kumwachia mlango mwongo. Ningekuwa mimi ningefanya vivyo hivyo.

Usuluhishi huu una bei. Seva ya Matrix iliyozoeleka zaidi, Synapse, inataka kumbukumbu na diski kuliko zile kompyuta zangu zinavyopenda, na kuingia katika kundi kubwa lenye seva nyingi kuliwahi kuwa kazi ya dakika nyingi, kwa sababu seva ngeni hulazimika kupokea na kuhakiki historia ya madaraka ya watu wengi sana. Zimekuwako pia hitilafu ambapo kundi lilirudi ghafla katika hali yake ya zamani, wasimamizi waliokwisha kuondoka wakiwa wasimamizi tena. Agosti 2025 mradi ulitoa toleo la 12 la kanuni za makundi kuziba mianya ya aina hiyo. Na nakala ikiwa kwenye kila seva, habari za nani anaongea na nani, saa ngapi, nazo ziko kwenye kila seva hata kama maneno yenyewe yamesimbwa. Pamoja na hayo, serikali ya Ufaransa ilijenga juu yake Tchap, programu ya watumishi wake iliyozinduliwa mwaka 2019, na jeshi la Ujerumani likajenga BwMessenger. Nchi hizo hazikosi fedha za kulipia huduma za wengine. Zinataka daftari likae kwao.

Kuna waliokwenda mbali zaidi wakaitupa hata seva. Dominic Tarr, mtaalamu wa programu aliyekuwa akiishi katika mashua huko New Zealand, alianzisha Secure Scuttlebutt mwaka 2014. Scuttlebutt lilikuwa pipa la maji ya kunywa melini, mahali ambapo mabaharia walisimama na kupeana umbea. Kila mtu ana uzi wake mmoja wa maneno, uliotiwa saini kwa ufunguo wake, na simu zinapokutana kwenye mtandao mmoja hupeana nyuzi walizonazo, zao na za marafiki. Baharia wa Lamu aliyezipokea Zanzibar habari za Kilwa na kuzifikisha Mogadishu angeielewa itifaki hii bila darasa. Haihitaji intaneti iwepo kila saa, inahitaji watu wasafiri.

Lakini nani anaamua Juma yumo au hayumo? Hakuna. Kila mtu ana uzi wake tu, na kila mtu anaamua amfuate nani. Na ina udhaifu mmoja mchungu. Ukipoteza simu, ukarudisha nakala ya mwezi uliopita, kisha ukaandika, uzi wako unakuwa na maneno mawili tofauti katika nafasi moja. Kwa wenzako hiyo ni dalili ya kughushi, na simu zao zinaacha kukusikiliza. Ukitaka simu na kompyuta zitumie jina moja, balaa ni hilohilo. Kwa watu ambao simu huibiwa daladalani na matatuni, hilo si dogo.

Nostr, ya mwaka 2020, inafanya kitu cha kati: ufunguo ni wako, na unatupia maneno yako kwenye seva kadhaa za kupokezana ambazo hazijuani. Ni nyepesi, lakini kwa kundi lenye sheria haijanishawishi. Briar ndiyo niliyoiweka kwenye simu yangu kwa siku mbaya. Huwasiliana kwa Bluetooth au Wi-Fi ikiwa intaneti imezimwa, na hupeana ujumbe kati ya waliokwisha kujuana tu. Bitchat, iliyotolewa Julai 2025 na Jack Dorsey, mmoja wa waanzilishi wa Twitter, huurusha ujumbe kutoka simu hadi simu ya mtu yeyote aliye karibu, hadi mara 7. Bluetooth ya simu hufika mita chache, makumi ya mita panapokuwa wazi. Ndani ya soko la Kariakoo inafaa sana. Kutoka Kariakoo hadi Bagamoyo, lazima mtu aende.

Mpinzani mkubwa wa fikra hizi zote ni mtu ninayemheshimu, Moxie Marlinspike, mwanzilishi wa Signal. Mwaka 2016 aliandika kwamba mifumo iliyogatuliwa huganda, kwa kuwa kubadilisha chochote kunahitaji maelfu ya wenye seva wakubali, na dunia haiwasubiri. Ushahidi wake ulikuwa mbele ya macho. Aprili mwaka huohuo WhatsApp ilikamilisha usimbaji wa mwisho hadi mwisho kwa watumiaji zaidi ya bilioni moja, ikitumia itifaki ya Signal. XMPP wakati huo ilikuwa na njia kadhaa za kusimba, na watu wawili wenye programu tofauti hawakuwa na hakika kama wataelewana. Tena mwaka huo mahakama ya Marekani ilipoidai Signal habari za mtumiaji, Signal ilikuwa na mambo mawili tu ya kutoa: siku akaunti ilipofunguliwa na siku ilipounganishwa mara ya mwisho. Seva ya kienyeji inayoendeshwa na mpwa wako inaweza kuwa inaandika kila kitu. Kugatua na kutunza siri ni mambo mawili tofauti, na anayeyachanganya anawapotosha watu.

Hata hivyo hoja ya Moxie inaanza na waya mzima. Anayeishi mahali ambapo waya haukatiki anaweza kuhesabu kasi ya mabadiliko kuwa jambo la kwanza. Sisi tuliozizoea siku za giza la mtandao tuna haki ya kuanzia kwingine: mazungumzo ya watu wa Mwanza yakae Mwanza, ili mkongo ukikatika baharini, nesi wa zahanati bado amfikie daktari wa wilaya.

Uamuzi wangu, baada ya miezi ya kuchomoa na kurudisha waya, ni huu. Kwa shule, zahanati, msikiti, kanisa au SACCOS yenye ofisi moja na mtu mmoja anayeweza kutunza mashine, weka XMPP. Seva iitwayo Prosody inakwenda vizuri kwenye kompyuta ya kiganjani inayokula wati chache, na hifadhi nakala ya kumbukumbu mahali pengine kila usiku. Kwa muungano wa taasisi ambazo hakuna iliyo bosi wa mwenzake, vyuo vitano au vyama vya ushirika vya mikoa kadhaa, lipieni seva nzuri mtumie Matrix, na kabla hamjaanza andikeni nani ana 100 na nani ana 50. Kwa siku intaneti inapozimwa kabisa, Briar iwekwe mapema, kwa sababu watu wa Briar hujuana kwanza, na siku hiyo ikifika hakuna mahali pa kuipakua.

Wenye ujuzi wa seva mliosoma mpaka hapa, kuna taasisi karibu nanyi inayoendesha shughuli zake zote kwenye kundi la simu ya katibu. Nendeni mkazungumze nao wiki hii, mkiwa na ile kompyuta ya kiganjani mkononi.